Mlengaji wa Kikapu Huundwa Pasipo Watazamaji

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wa michezo wa shule za sekondari na watumishi wa serikali ambao huwafundisha vijana mpira wa kikapu baada ya saa za kazi.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo: namna kijana anavyoweza kuwa mlengaji bora katika mpira wa kikapu. Huenda wengine wanajiuliza kwa nini watu wenye madaftari ya kusahihisha na majalada ya kushughulikia waache kazi zao ili wasikilize habari za mpira unaoingia au usioingia katika pete ya chuma. Nawaomba wawe na subira. Mwalimu anayesimama kando ya uwanja jioni anafundisha jambo kubwa kuliko mchezo wenyewe, na akilifundisha vibaya madhara yake hayabaki uwanjani.

Napenda nitaje mapema ninalolikusudia, ili tusipoteane njiani. Adui mkubwa wa mlengaji si ufupi wa kimo, wala si udhaifu wa mkono. Ni hofu ya aibu: aibu ya kuchekwa anapojifunza, aibu ya kusahihishwa, na aibu ya kukosa mbele ya watu. Tabia njema humwezesha kijana kuishinda hofu hiyo. Utaratibu wa kila siku humpa mahali pa kusimama. Utulivu wa akili huja baadaye, nao ni tunda la hayo mawili. Anayelitaka tunda bila ya kuupanda mti atangoja sana.

MSTARI ULIO SAWA KWA WOTE

Mchezo huu ulibuniwa na mwalimu. Mwezi Desemba 1891, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, James Naismith, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha YMCA, alitakiwa na mkuu wake atafute mchezo wa kuchezwa ndani ya jengo wakati wa baridi, kwa ajili ya vijana waliokuwa wamechoshwa na mazoezi ya viungo. Alitundika vikapu viwili vya kutilia matunda, kimoja kila upande wa ukumbi, akaandika kanuni 13, akawagawa wanafunzi wake 18 katika timu mbili za watu tisa tisa. Yafaa tukumbuke kwamba Naismith aliliweka lengo juu ya vichwa vya wachezaji kwa makusudi. Alitaka mpira utupwe kwa ulaini na usahihi, usivurumishwe kwa nguvu. Tangu siku ya kwanza, basi, mchezo huu uliutukuza ustadi kuliko mabavu.

Katika mitupo yote ya mchezo huo nimechagua mmoja tu uwe kioo chetu leo, nao ni mtupo huru, yaani ule anaopewa mchezaji aliyechezewa rafu. Saa ya mchezo husimama. Hakuna anayeruhusiwa kumzuia mtupaji wala kumkaribia. Mstari uko mita 4.60 kutoka ubaoni. Pete iko mita 3.05 juu ya sakafu, na upana wake ni sentimita 45. Mpira wa wanaume una kipenyo cha kiasi cha sentimita 24. Vipimo hivyo havibadiliki kwa ajili ya mwenyeji wala mgeni, kwa mrefu wala mfupi, kwa mwana wa tajiri wala mwana wa mkulima.

Ndugu zangu, huu ni mtihani ambao swali lake linajulikana miaka mingi kabla ya siku ya kuufanya. Hakuna mtahini anayelibadilisha. Hata hivyo, wapo watu waliokwisha kupata fedha na sifa duniani kote kwa mchezo huu, wakashindwa kulijibu swali hilo hadi siku ya kustaafu kwao. Kwa nini?

HABARI YA KIPAJI

Wapo wanaojibu upesi kwamba ni suala la kipaji: fulani alizaliwa na mkono, na fulani hakuzaliwa nao. Jibu hilo lina raha yake, kwa kuwa linamwondolea mwalimu wajibu na mwanafunzi jasho. Lakini wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tarehe 18 Juni 2013, katika mchezo wa sita wa fainali za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, timu ya Miami Heat ilikuwa imebakiwa na sekunde chache tu kabla ya kulipoteza kombe kwa San Antonio Spurs. Ilikuwa nyuma kwa pointi tatu. Mtupo mmoja ulikosa, mwenzao akauwahi mpira uliorudi, na Ray Allen, mtu mwenye umri wa miaka 37, akarudi kinyumenyume hadi kwenye pembe ya uwanja bila ya kutazama miguu yake, akapokea mpira na kuutupa. Uliingia zikiwa zimebaki sekunde 5.2. Miami ilishinda katika muda wa nyongeza, na siku mbili baadaye ikatwaa ubingwa.

Watu wengi waliuita mtupo ule muujiza. Waliomfahamu Allen walijua kwamba tangu ujana wake alikuwa na zoezi alilolibuni mwenyewe: hulala chini karibu na kikapu, huinuka ghafla, hukimbia kinyumenyume hadi pembeni bila ya kuukanyaga mstari, hupokea mpira na kutupa. Alilifanya zoezi hilo mara nyingi mno katika kumbi tupu, na wala hakujua kama siku ya kulihitaji ingekuja. Aidha, alikuwa na desturi ya kufika uwanjani saa tatu hivi kabla ya mchezo kuanza, akatupa peke yake wakati viti vyote ni vitupu. Si ajabu kwamba mtu huyo amewahi kulalamika kwamba kumwambia amepewa kipaji na Mungu ni kuidharau kazi aliyoifanya kila siku.

KUKUBALI KUSAHIHISHWA

Tabia ya kwanza ya mlengaji ni kukubali kusahihishwa. Tarehe 14 Desemba 2021, mjini New York, Stephen Curry aliivunja rekodi ya Allen ya mitupo 2,973 ya pointi tatu, naye Allen mwenyewe alikuwapo akishuhudia. Wengi wanaomwona Curry leo hudhani kwamba mkono ule aliuzaliwa nao. Sivyo. Alipokuwa mwanafunzi wa sekondari alikuwa akiutoa mpira chini, karibu na kiuno, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kutosha. Baba yake, Dell Curry, ambaye naye alikuwa mtupaji wa sifa katika ligi ile ile, alimwambia kwamba wakubwa watauzuia mpira huo kila mara, na kwamba hana budi kuuinua juu ya kichwa.

Kijana yule alikuwa tayari anafunga vikapu kwa namna yake ya zamani. Kuibadili kulimaanisha kuwa mbaya kwanza ili awe mwema baadaye. Msimu mzima wa likizo aliutumia akianza upya, na kwa muda mrefu hakuweza kutupa isipokuwa karibu kabisa na kikapu. Kipindi kile kilikuwa cha uchungu na machozi, kama yeye na jamaa zake walivyosimulia. Nawaulizeni walimu wenzangu: ni wanafunzi wangapi tulionao ambao wangekubali kuonekana wabaya kwa miezi mitatu? Na sisi wenyewe, ni mara ngapi tunamwachia kijana aendelee na kosa lake, kwa sababu timu inahitaji pointi zake Jumamosi ijayo?

KICHEKO CHA WATAZAMAJI

Tabia ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni kulitenda lililo sahihi hata pale linapochekesha watu. Katika hili historia ya mchezo imetuachia mfano wa watu wawili ambao yafaa wasomwe pamoja.

Wa kwanza ni Wilt Chamberlain, jitu la mita 2.16, mwenye nguvu ambazo hazikuwahi kuonekana kabla yake. Mitupo huru ilikuwa ndio udhaifu wake. Katika msimu wa 1961–62 aliacha kutupa kwa mkono mmoja kutoka juu, akawa anaushika mpira kwa mikono miwili, anauteremsha kati ya magoti, kisha anauachia upae polepole kutoka chini. Mtupo wa namna hiyo una harakati chache za viungo, na mpira hufika kwenye pete ukiwa mlaini. Msimu ule alipata asilimia 61, kiwango alichokuwa hajakifikia na ambacho hakukifikia tena. Tarehe 2 Machi 1962, katika mji wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya katika ligi hiyo hadi leo. Kati ya mitupo huru 32 aliyopewa usiku ule, 28 iliingia.

Alifanya nini baada ya ushahidi huo wote? Akaiacha njia ile. Katika kitabu cha maisha yake alieleza bila ya kificho kwamba alijiona kama mtoto wa kudekezwa alipotupa namna hiyo, na kwamba alijua kuwa kuiacha lilikuwa kosa. Katika msimu wa 1967–68 asilimia yake iliteremka hadi 38. Tuangalie vizuri jambo hili. Chamberlain hakukosa elimu, hakukosa nguvu, wala hakukosa ushahidi. Alishindwa na kicheko.

Wa pili ni Rick Barry. Naye alishauriwa na baba yake tangu angali shuleni atupe kutoka chini, naye pia aliogopa kuchekwa. Lakini alipoona kwamba mpira unaingia, aliishika njia hiyo tangu shule, akaendelea nayo chuoni na katika ligi ya kulipwa hadi alipostaafu mwaka 1980. Alichekwa sana, na aliendelea kutupa. Katika msimu wake wa 1978–79 alitupa mitupo huru 169 na kukosa tisa tu kwa msimu mzima. Alipostaafu, wastani wake wa asilimia 90 katika NBA ulikuwa ndio wa juu kuliko wote waliomtangulia.

Simwambii mwalimu yeyote awalazimishe vijana wote watupe kutoka chini. Walengaji bora wa siku hizi hutupa kutoka juu, na wanafanya vyema. Ninachosema ni kwamba watu wawili walipewa ukweli ule ule, mmoja akauacha kwa kuogopa macho ya watu, na mwingine akaushika. Tofauti hiyo ni ya tabia. Nadhani mtumishi yeyote aliyewahi kuketi katika kikao na kuiona hoja sahihi ikiachwa kwa sababu tu mtoa hoja alichekwa, anaelewa kwamba hapa hatuzungumzii mpira peke yake.

UTARATIBU SI USHIRIKINA

Sasa nije kwenye utaratibu. Tarehe 15 Novemba 1993, katika jimbo la California, daktari mstaafu wa magonjwa ya miguu aitwaye Tom Amberry, mwenye umri wa miaka 71, alisimama kwenye mstari akaingiza mitupo huru 2,750 mfululizo bila ya kukosa hata mmoja. Kazi hiyo ilimchukua kiasi cha saa 12, na aliacha kwa sababu wenye ukumbi walitaka kufunga milango. Mzee huyo hakuwa na kasi wala hakuweza kuruka. Alikuwa na mazoezi ya mitupo 500 kila siku, na alikuwa na utaratibu usiobadilika: miguu sawa mbele ya mstari, mpira unadundwa mara tatu, macho yanalitazama tundu la kutilia upepo, kisha macho yanapanda kwenye pete, na mpira unakwenda.

Elena Delle Donne, mwanamke mwenye kimo cha mita 1.96, aliingiza zaidi ya asilimia 93 ya mitupo yake huru katika maisha yake yote ya ligi ya wanawake ya Marekani. Namna yake ilikuwa nyepesi mno: kudunda mara tatu, mkono mmoja unanyanyuka, kiwiko kinanyooka. Alieleza kwamba aliyapunguza mambo kwa makusudi, maana harakati zikiwa chache, makosa nayo huwa machache. Mfano wake unaziba midomo ya wale wanaosema kwamba warefu hawawezi kulenga.

Pengine msikilizaji atauliza: je, kudunda mara tatu si ushirikina, sawa na kuvaa soksi ile ile kila mchezo? La hasha. Soksi haimfundishi mtu kitu. Utaratibu unafanya kazi tatu. Kwanza, unaufanya mwili uanze kila mara mahali pale pale, hivyo kosa likitokea mtu ajue limetokea wapi. Pili, unaishughulisha akili na jambo lililo mkononi, ili isiende kwenye matokeo ya mchezo. Tatu, unakifanya kiwanja chenye kelele kifanane na kiwanja kitupu cha jana jioni. Mwalimu azingatie pia kwamba kanuni za kimataifa humpa mtupaji sekunde tano tu tangu apewe mpira na mwamuzi. Utaratibu mrefu wenye madoido hautufai. Uwe mfupi, na uwe ule ule.

Tena utaratibu humfundisha mtu kuona. Bill Bradley, aliyekuwa bingwa wa NBA na timu ya New York Knicks mwaka 1970 na 1973, kisha akawa Seneta wa jimbo la New Jersey tangu 1979 hadi 1997, alilelewa katika mji mdogo wa Crystal City, Missouri. Alipokuwa kijana alitia risasi ndani ya viatu ili miguu yake ipate nguvu, na alipanga viti uwanjani viwe badala ya wapinzani. Alipokuwa akisoma Princeton, mwandishi John McPhee alimtazama akifanya mazoezi katika ukumbi ambao haukuwa wake. Mitupo kadhaa ilipogonga pete, Bradley alisema kwamba kikapu kile kiko chini kidogo kuliko kipimo. Baadaye mwandishi alirudi na ngazi na kipimo, akakuta kwamba kweli kimepungua zaidi kidogo ya inchi moja. Jicho la namna hiyo hupatikana kwa kurudia jambo moja maelfu ya mara kwa uangalifu, mpaka upungufu wa inchi moja uonekane kama mlango uliopinda.

AKILI INAPOHAMA

Tumefika kwenye akili. Mtaalamu Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, nchini Kanada, alichapisha mwaka 1996 utafiti wa namna watupaji wanavyotumia macho yao katika mtupo huru. Aliona kwamba walio hodari huyakaza macho yao mahali pamoja kwenye pete mapema na kwa muda mrefu zaidi kabla ya mkono kuanza kazi, na walio dhaifu huyahamisha hamisha. Kwa maneno mengine, ile tunayoiita akili tulivu ina alama inayoonekana, nayo ni jicho lililotulia. Hili ni jambo la manufaa makubwa kwa mwalimu. Hatuwezi kumwamuru mtoto aache kuogopa, lakini tunaweza kumwagiza alitazame jambo moja na asiliache.

Akili ikihama, hata mchezaji hodari huanguka. Tarehe 7 Juni 1995, katika mchezo wa kwanza wa fainali za NBA, timu ya Orlando Magic ilikuwa mbele kwa pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde kumi hivi. Nick Anderson alipewa mitupo huru miwili, na mmoja tu ungetosha karibu kuumaliza mchezo. Akakosa yote miwili. Mpira ukamrudia mikononi, akachezewa rafu tena, akapewa mingine miwili. Akakosa tena yote. Houston Rockets wakasawazisha, wakashinda katika muda wa nyongeza, na hatimaye wakashinda michezo yote minne. Anderson alikuwa mtu wa kiasi cha asilimia 70 msimu ule. Misimu miwili baadaye alikuwa kiasi cha asilimia 40.

Mitupo minne ingeweza kumtoka mtu yeyote. La kuhuzunisha zaidi ni yaliyofuata. Watu walimkumbusha kila aliposimama mstarini, naye kila aliposimama hakuuona mstari tu, bali aliuona na usiku ule. Nataka walimu waichukue habari hii kwa uzito. Katika shule zetu kijana anapokosa mtupo wa mwisho katika michezo ya UMISSETA, nani humkumbusha? Mara nyingi ni wenzake, na wakati mwingine, kwa bahati mbaya, ni mwalimu wake, mbele ya gwaride la asubuhi, kwa mzaha. Mzaha huo waweza kuwa wa dakika moja kwa msemaji, ukawa wa miaka mitatu kwa msemwa. Kijana huyo hatakosa kikapu tu. Ataacha kunyoosha mkono darasani pia.

NINI KIFANYIKE

Nimesikia hoja kwamba mambo haya yanahitaji kumbi na mipira mingi, navyo hatunavyo. Naijibu hoja hiyo kwa hesabu. Chukua wanafunzi 40, mpira mmoja na pete moja. Kila mmoja asimame mstarini atupe mara mbili, kama inavyokuwa katika mchezo wenyewe, kisha aondoke arudi nyuma ya msururu. Hiyo ni mitupo 80. Kila mtupo ukichukua sekunde 15, zoezi lote huchukua dakika 20. Zaidi ya hayo, kijana hungoja, mwili wake hupoa, kisha huitwa ghafla atupe huku wenzake 39 wakimtazama. Umaskini wetu wa mipira, tukiutumia kwa busara, unatupatia zoezi lililo karibu sana na mchezo wenyewe.

Pili, pawe na daftari. Kila mwanafunzi aandike mwenyewe alichotupa na kilichoingia, kwa tarehe. Mwalimu asiadhibu idadi ndogo, bali asivumilie idadi ya uongo. Anayeandika nane hali aliingiza sita amejiibia mwenyewe, kwa kuwa hatajua kesho kama amepanda au ameshuka. Sisi tulio katika ofisi tunafahamu hasara ya takwimu zinazopendeza. Tabia ya kuandika ukweli inaweza kuanzia kwenye mstari wa mtupo huru, kijana akiwa na miaka kumi na mitano.

Tatu, marudio yawe ya jambo sahihi. Mitupo mia kwa mkono uliopinda huikomaza dosari, na samaki hukunjwa angali mbichi. Kwa watoto wadogo zipo kanuni za kimataifa za mchezo mdogo, ambapo pete huwekwa mita 2.60 na mpira ni ule wa namba tano. Mtoto akilazimishwa kutupa mpira wa watu wazima kwenye pete ya watu wazima, atautupa kwa mabega na mgongo, na tutatumia miaka kumwondolea alichojifunza.

Nne, mwalimu wa hisabati aalikwe uwanjani. Mpira ukishuka wima, tundu la pete ni sentimita 45 kamili. Ukishuka kwa pembe ya nyuzi 45, nafasi iliyobaki ni kiasi cha sentimita 32. Ukishuka kwa nyuzi 30, nafasi hupungua hadi kiasi cha sentimita 22 na nusu, nao mpira una sentimita 24, kwa hiyo hauwezi kupita bila ya kugonga chuma. Mwanafunzi akiichora pembetatu hiyo ubaoni ataelewa kwa nini tunamwambia aupandishe mpira, na hatahitaji kukemewa.

Tano, na hili ndilo kubwa, mwalimu apige marufuku kicheko kwa anayejifunza. Wakati wa mchezo wageni watapiga kelele watakavyo, hiyo ni haki yao. Lakini katika mazoezi, mahali ambapo kijana anavunja mkono wake wa zamani na kujenga mpya, awe na hakika kwamba hachekwi na wa kwake.

Wapo watakaosema kwamba muda huo ungetumika kusoma kwa ajili ya mitihani. Dakika 20 haziwezi kumfelisha mtu. Tena nauliza: mwanafunzi aliyezoea kuvuta pumzi, kulitazama swali moja, kulijibu, kisha kwenda kwenye jingine bila ya kulilia lile alilolikosa, je, ataingiaje katika chumba cha mtihani?

Sitaki kutia chumvi. Tabia njema haimwongezei mtu kimo, na si kila mwenye bidii atakuwa bingwa. Hata Curry hukosa, na Barry alikosa tisa. Lakini mstari ule ni sawa kwa wote, na swali lake linajulikana tangu leo. Kijana atakayelijibu ni yule aliyekubali kusahihishwa, aliyevumilia kuchekwa, aliyeandika ukweli katika daftari lake, na aliyerudi kesho yake jioni wakati uwanja ni mtupu. Kazi ya kumlinda mpaka afike hapo ni yetu sisi, nayo haihitaji fungu la fedha wala barua kutoka wizarani.